USHAHIDI HAUNA WAKILI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baadu. Liko neno lisemwalo sana katika mabaraza yetu, nalo kwa dhahiri yake ni neno la mtu mwenye akili. Watu huitwa katika mkutano wa kutoa maoni juu ya fedha za kaunti, au juu ya bandari, au juu ya kiwanda kitakachojengwa karibu na mji. Basi mmoja husema: "Mimi nitakwenda kufanya nini? Karatasi zao ni za Kiingereza, na maneno yao ni ya sheria. Wako mawakili wa jamii, nao wamesoma. Na waende wao wakatusemee." Kisha huimalizia kahawa yake, na moyo wake umetulia kama mtu aliyekwisha lipa deni.

Twataka katika waraka huu kulipima neno hilo. Hatutoi fatwa, wala si sisi wa kutoa fatwa. Twauliza suala la dhamiri tu. Je, yafaa mtu kumtwika mwenziwe kazi ya kunena katika jambo la mji wake mwenyewe? Na huyo wakili, akiwa ni mtu apendaye kheri, ni kazi ipi aipokee, na ni kazi ipi amrudishie mwenyewe? Suala hili si dogo. Likikosewa, mtu hupoteza haki yake na huku adhani ameiweka amana mahali pema.

HAKI YENYEWE NI IPI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeanza, katika kifungu chake cha 1, kwa kusema ya kuwa mamlaka yote ya kutawala ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kimetaja kushiriki kwa wananchi kuwa ni miongoni mwa misingi ya utawala. Kifungu cha 35 kimempa kila mwananchi haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kimempa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Na kifungu cha 196 kimelilazimisha bunge la kila kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na liwashirikishe watu. Kaunti hizo ni 47, nazo zilianza kazi mwaka 2013.

Wala haki hii si pambo la maneno. Mwaka 2014 Mahkama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu, iliyotungwa mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kama ilivyopasa. Sheria nzima ya kodi na ada iliangushwa kwa kuwa watu hawakuulizwa kuulizwa kwa kweli.

Lakini haki iliyoandikwa ni kama maji ya kisima: anywaye ni mwenye kamba na ndoo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya fedha za kaunti yatakiwa yafike bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kupita. Mtu asiyejua tarehe hizi huja mwezi wa Agosti kuuliza mbona mtaa wake haukupata bomba la maji, naye huambiwa ya kuwa kitabu kimekwisha fungwa. Hakudhulumiwa kwa kufukuzwa mlangoni; amedhulumiwa kwa kutojua mlango hufunguliwa lini.

Hapa ndipo panapohitajiwa wakili wa jamii. Nasi tusemapo wakili wa jamii, hatukusudii yule aajiriwaye na mtu mmoja kwa kesi yake ya shamba au ya mirathi. Twakusudia yule akaaye na watu wa mtaa au wa kijiji akawafahamisha sheria, na pamoja naye wale wasaidizi wa sheria, watu wa mtaani wenyewe waliofunzwa, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua. Watu hawa ndio kamba na ndoo tuliyoitaja. Lakini kamba haimnywei mtu maji, na hilo ndilo tutakalo kulibainisha.

MLANGO WA WAKALA

Jina hili la wakili tumelitoa katika lugha ya Kiarabu, na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wameueleza mlango wa wakala kwa ufafanuzi mwingi. Aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachojulikana sana na wanafunzi wa pwani yetu, amekutana nao. Mtu aweza kumweka wakili amuuzie, amnunulie, amwozee, amdaie haki yake mbele ya kadhi. Haya yote yafaa, wala hapana aibu ndani yake.

Lakini yako mambo yasiyokubali wakala. Mtu hawezi kumweka mwingine amsalie sala yake ya alfajiri huku yeye amelala. Katika ibada zimetolewa chache tu, kama hija kwa mwenye udhuru, na kugawa zaka, na kuchinja. Kiapo nacho hakina wakili: aapaye ni yule atakiwaye kuapa. Na ushahidi kadhalika hauna wakili.

Tujiulize, kwa nini ikawa hivi? Katika kununua, kinachotakiwa ni kitendo kitimie. Akinunua Ali au akinunua Omari, shamba limenunuliwa. Lakini katika ushahidi kinachotakiwa ni ile ilimu iliyo kifuani mwa mtu aliyeona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Ilimu hiyo haihamishwi kwa karatasi ya uwakili. Wakili aliyekaa Nairobi hawezi kushuhudia lililotokea Matondoni, hata akiwa ni bingwa wa mabingwa, kwa kuwa yeye hakuwako.

Na mjuzi wa fiqhi akitwambia ya kuwa uko ushahidi juu ya ushahidi, tutamjibu: naam, uko, lakini huyo wa pili hunakili maneno ya shahidi wa kwanza aliyekwisha kuyasema. Asiposema wa kwanza, wa pili hana cha kunakili.

VITU VIWILI NDANI YA MKUTANO MMOJA

Sasa na tuutazame mkutano wa kutoa maoni. Ndani yake mna vitu viwili vilivyochanganyika, na asiyevitenga huingia katika makosa.

Cha kwanza ni hoja ya sheria. Je, ilani ya mkutano ilitolewa kwa muda uliowekwa? Ni kanuni gani iliyorukwa? Rufani hupelekwa wapi, na kabla ya siku ngapi? Haya ni mambo ya kusomewa, na mtu akimwachia aliyeyasomea amefanya vyema, kama mgonjwa amwachiavyo tabibu.

Cha pili ni ushahidi wa maisha. Mkondo huu, samaki hupita wakati wa kusi au wakati wa kaskazi? Mikoko ile, ikikatwa, kamba watazalia wapi? Kisima hiki kikiingia chumvi, wanawake watatembea mpaka wapi kutafuta maji? Makaburi yale ni ya nani? Haya hayamo katika kitabu chochote cha sheria. Yamo kwa mvuvi, na kwa mkata mikoko, na kwa bibi aliyechota maji pale miaka 40.

Basi yule asemaye "na waende mawakili wakatusemee" amesema kweli katika nusu na amekosea katika nusu. Hoja, na waisemee. Ushahidi, hawawezi, wakitaka wasitake. Na mkutano usio na ushahidi wa wenyeji hujaa maneno ya sheria pande zote mbili, wakili kwa wakili, na mwisho hushinda mwenye karatasi nyingi zaidi.

MFANO WA LAMU

Tusiseme kwa dhana. Tuitazame Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Kesi ya kwanza ni ya bandari mpya katika ghuba ya Manda. Mwaka 2012 baadhi ya watu wa Lamu walipeleka madai Mahkama Kuu. Tarehe 30 Aprili 2018 mahkama iliyokaa Malindi ilihukumu ya kuwa haki za watu zimevunjwa, na miongoni mwazo ni haki ya kupewa khabari na haki ya kushirikishwa. Ikahukumu wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hiyo ni hukumu kubwa. Lakini tazama, ewe msomaji, imekuja wakati gani. Ilipotolewa, kazi ya bandari ilikuwa imekwisha anza, na chini ya bahari kumekwisha chimbwa. Fidia ni haki, wala hatuidharau. Lakini fidia si bahari. Mtu aliyeulizwa kabla hupata nafasi ya kusema "pitisheni huku, msipitishe kule". Aliyeulizwa baada ya kazi huulizwa bei tu.

Kesi ya pili ni ya makaa ya mawe. Palikusudiwa kujengwa Kwasasi, yapata kilomita 20 kutoka mji wa Lamu, mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uchomao makaa ya mawe. Mwaka 2016 mradi huo ukapewa leseni ya mazingira. Wenyeji waliojikusanya katika jumuiya iitwayo Save Lamu, pamoja na wengine 5, wakaipinga leseni hiyo mbele ya Mahkama ya Rufani za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Wenye mradi walikata rufani, na mwaka 2025 Mahkama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaikataa rufani yao.

Sasa jambo la kuzingatia ni sababu ya hukumu ile ya 2019. Kanuni za mazingira za mwaka 2003 zimeeleza namna ya kuwauliza watu: matangazo yabandikwe mahali wapitapo watu, ilani itolewe katika gazeti kwa majuma mawili yanayofuatana, itangazwe katika redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na ifanywe mikutano isiyopungua 3 na watu watakaofikwa na athari. Mahkama iliona ya kuwa mikutano ya mwanzo ilikuwa ya kuujulisha mradi tu. Na baada ya ripoti ya madhara kutengenezwa, wenyeji hawakurudiwa wakaelezwa yaliyomo na kuulizwa kama sheria inavyotaka.

Tazama namna vile vitu viwili vilivyokutana. Kujua ya kuwa kanuni yataka mikutano 3, na ya kuwa kuujulisha mradi si kuuliza, hiyo ni kazi ya wakili. Mvuvi hawezi kulaumiwa kwa kutoijua. Lakini ni nani ajuaye ya kuwa kijiji chake hakikurudiwa? Ni nani ajuaye ni maneno gani aliyoambiwa siku ile, na ni yapi aliyofichwa? Hapana ajuaye illa aliyekuwako. Laiti watu wa Lamu wangalisema "tumewaachia mawakili" kisha wakakaa kimya majumbani, mawakili wangalikwenda mahkamani na kanuni mkononi, bila ya kitu cha kuitilia.

Na twapenda kusema kwa insafu: wako watu wa Lamu walioutaka mtambo ule, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya umeme, nao pia ni wenyeji na wana haki ya kusema. Hukumu ya mwaka 2019 haikuufunga mlango kwa kila hali. Ilisema ya kuwa anayeutaka mradi na afanye uchunguzi upya kwa njia ya sheria. Basi hukumu ile haikumpa ushindi anayepinga peke yake. Ilimpa kila mwenyeji, apendaye na achukiaye, haki ya kuulizwa kwa ukweli. Asiyeulizwa hakukubali, wala hakukataa; amepitwa tu.

YASEMWAYO NA WAPINZANI

Yuko asemaye: "Mawakili hawa huja kuchochea fitina. Watu walikuwa wametulia, wao wakaja wakawafundisha kulalamika." Twamjibu: kutulia ni namna mbili. Kuko kutulia kwa mtu aliyeridhika, na kuko kutulia kwa mtu aliyekata tamaa. Na kwa mbali hufanana. Anayemfundisha mtu kuandika malalamiko kwa wino, ayapeleke bungeni mchana, na adai jawabu kwa sheria, huyo amemwepusha na fitina. Fitina huzaliwa pale ambapo mtu ana jambo la haki na hana pa kulisemea.

Yuko asemaye: "Mawakili hawa hulipwa kwa fedha za wageni, basi hatujui wanamtumikia nani." Neno hili halifai kudharauliwa. Mwenye kulipa mpiga zumari hutaka kuchagua ngoma. Kwa hiyo ni haki ya watu kumwuliza wakili: ni nani anayekulipa, na umeahidi nini kwa hiyo fedha? Wakili mwema hujibu bila ya kukasirika. Lakini fedha ikishajulikana ilikotoka, kazi hupimwa kwa kazi. Je, ametufundisha jambo ambalo, yeye akiondoka kesho, sisi tutaweza kulitenda? Ikiwa ndiyo, ametuachia mali yetu. Ikiwa siyo, tulikuwa mali yake.

Na yuko asemaye, naye ndiye mgumu zaidi kwa kuwa ajilaumu mwenyewe: "Mimi si msomi. Nitasimama mbele ya mabwana wakubwa niseme nini?" Twamkumbusha ya kuwa katika Kurani Tukufu imo sura, nayo ni ya 58, iitwayo Al-Mujadila, mwanamke mwenye kujadiliana. Wafasiri wamemtaja kuwa ni Khaula binti Thaalaba. Hakuwa na cheo, na jambo lake lilikuwa la nyumba yake na mumewe. Hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe kwa Mtume, sala na salamu zimfikie, akaeleza, akarudia kueleza, naye akasikilizwa. Tena Kiswahili, kwa kifungu cha 7 cha Katiba, ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi asione haya mtu kusema kwa Kiswahili, wala kudai aelezwe kwa Kiswahili.

Lakini pia tusidanganyane juu ya zamani zetu. Hupenda watu kusema ya kuwa mashauriano si mageni kwetu, na ni kweli. Miji yetu ilikuwa na wazee waliokaa pamoja wakashauriana, na katika Kurani imo sura nzima iitwayo Ash-Shura. Ila katika mabaraza yale ya zamani mtumwa hakuulizwa, na mwanamke hakukaa, na mgeni wa juzi hakuhesabiwa. Ikiwa leo sheria imelifungua baraza kwa wote, tusirudi sisi wenyewe kulifunga kwa kuwasukuma wengine nyuma ya mlango.

HATARI KWA WAKILI MWENYEWE

Wakili naye ana mtihani wake. Mtihani wa kwanza ni kupenda kuhitajiwa. Mtu anayeombwa kila siku huanza kuona raha ya kuombwa, na mwisho huwaficha watu ilimu ndogo ambayo ingaliwatosha, ili wasiache kubisha mlango wake.

Mtihani wa pili ni neno "jamii". Husimama akasema "jamii yataka hivi", naye amezungumza na wanaume 7 waliokaa mbele. Je, wanawake waliokaa nyuma walisemaje? Mkulima wa bara na mfugaji, wataka sawa na mvuvi? Vijana waliotafuta kazi miaka 5 wataka nini? Wakili muaminifu hayafungi maneno haya yote katika kifurushi kimoja ili yapendeze mahkamani. Huyachukua kama yalivyo, hata yakipingana, kwa kuwa ushahidi ukinyooshwa na asiyekuwa shahidi huwa si ushahidi tena.

Mtihani wa tatu ni kukawia. Kesi huchukua miaka. Ile ya bandari ilichukua 6 mpaka kuhukumiwa. Kwa hiyo wakili wa jamii asingoje dhulma itimie ndipo aanze kazi. Kazi yake iliyo bora ni ile isiyoandikwa magazetini: kuwasomea watu makadirio ya fedha kwa Kiswahili kabla ya mkutano, kuwaonyesha ukurasa ulio na kata yao, kuwatajia tarehe, kuwasaidia kuandika maoni yao na kubaki na nakala.

FARDHI YA NANI?

Huenda mwenye kujua akatwambia: "Kuhudhuria mambo haya ni kama fardhi kifaya, wakitenda baadhi, wengine wamesameheka." Tukubali mfano huu kwa ajili ya kufahamiana, ingawa hatusemi ya kuwa mkutano wa kaunti ni ibada. Lakini wanavyuoni waliotufundisha fardhi kifaya wametufundisha pia ya kuwa fardhi hiyo hugeuka ikawa fardhi ya mtu mmoja, pale ambapo hapana awezaye kuitenda ila yeye. Akifa mtu katika kijiji, na ajuaye kumwosha ni mmoja tu, huyo mmoja hawezi kusema "watakwenda wengine". Wengine ni kina nani?

Basi mvuvi ambaye yeye na wenziwe wachache ndio wajuao mkondo fulani. Na mkunga ambaye ndiye ajuaye ni wazazi wangapi waliochelewa kufika hospitali kwa ubaya wa njia. Na mwalimu ambaye ndiye ahesabuye watoto wakaao chini bila madawati: hawa hawana wa kuwapokea kazi. Kila mmoja katika ilimu yake ni kama yule muosha maiti wa pekee. Wakili aweza kumfungulia mlango, na kumketisha, na kumlinda asikatizwe. Kumsemea hawezi.

LA KUFANYA

Hatupendi kumwacha msomaji na mawaidha matupu. Ukiona ilani ya mkutano kwa chifu, au msikitini, au ukiisikia katika redio, uliza mambo matatu. La kwanza: karatasi za jambo hili ziko wapi, na je, ziko kwa lugha niijuayo? Ukinyimwa, iko Sheria ya Kupata Khabari ya mwaka 2016, nayo yataka afisa akupe jawabu kabla ya siku 21 kupita. Msaidizi wa sheria atakuandikia ombi. La pili: je, shauri limekwisha amuliwa, au maoni yetu yaweza kulibadilisha? La tatu: maneno yetu yataandikwa na nani, na tutayaona lini?

Na ukipewa karatasi utie jina lako, isome kwanza. Kuhudhuria si kuridhia. Jina lako katika orodha ya waliohudhuria ni ushahidi wa kuwa ulikuwako. Usiliache liwe ushahidi wa kuwa ulikubali. Nauli na chakula cha mchana si bei ya ulimi wako. Ukiwa umepinga, sema iandikwe ya kuwa umepinga. Ukiwa umekubali kwa sharti, sharti liandikwe.

Kisha mshukuru wakili, na mwache afanye kazi yake. Lakini siku ya mkutano usibaki barazani na kikombe cha kahawa. Kwani atakapofika mahkamani, hakimu hatamwuliza wakili bahari ilikuwaje. Atauliza: yuko wapi aliyeiona?

Wabillahi ttaufiq.